Kiti cha Kutazama Nyuma

UMOJA WA MADEREVA WA BAJAJI KARATU MJINI
Kumb. Na. UMBK/SAFARI/01
Colombo, Sri Lanka
4 Februari 2025

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUFIKA SALAMA NA KUANZA MAFUNZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kuutaarifu Umoja kwamba nilifika Colombo juzi Jumapili nikiwa mzima. Kampuni iliyotualika imenipa chumba katika nyumba ya wageni, ghorofa ya pili, dirisha linatazama barabara. Mwalimu wangu ni Bi. Dilrukshi, mwenye umri kama wako, ambaye kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiwatembeza wageni mjini kwa bajaji yake mwenyewe. Huku wanaiita tuktuk, ila ni chombo kilekile tunachokijua: magurudumu matatu, usukani wa pikipiki na turubai.

Kama kikao kilivyoagiza, naandika kwa mkono, napiga picha na kutuma kwenye simu ya Salima wa stesheneri ili achape na kubandika kijiweni, wanachama wote wasome. Nakumbuka hoja ya Ndugu Obedi kwamba ujumbe wa sauti hausikiki malori ya vitunguu yakipita.

Jana nilianza mafunzo kwa vitendo. Bi. Dilrukshi alinipitia saa tatu asubuhi. Mji una magari mengi. Mafunzo ya siku hiyo yalikuwa mafupi.

Aidha, naomba ieleweke kwamba muhuri wa Umoja ninao mimi. Niliuchukua kwa ajili ya usalama wake.

Wako mtiifu,
Clemensi Tluway
Karani


Karatu
5 Februari 2025

Clemensi mwanangu,

Hii yangu haibandikwi popote. Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya bajaji yangu, nangoja zamu.

Tunashukuru umefika. Sasa nisikilize. Jana nimekwenda halmashauri kuulizia kibali cha utalii wetu wa mjini. Wakataka barua yenye muhuri. Nikasema muhuri uko Sri Lanka. Yule dada wa mapokezi alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Wameturuhusu tuanze majaribio, barua ya muhuri ifuate ukirudi, lakini wewe mtoto, nani alikuwa auibe?

Hoteli ile ya juu imekubali. Watatuletea wageni sita wa majaribio tarehe mosi Machi. Bajaji tatu: ya Obedi, ya Metui na ya Leonce. Wakifurahi, watakuwa wanatuletea kila Jumamosi. Wasipofurahi, meneja atanunua gari lake kubwa la kuwazungusha, na sisi tutaendelea kuwaangalia wazungu wakipita na vumbi lao. Unawajua. Wanapita hapa vioo vimefungwa, wanakwenda kreta kuona wanyama, wanarudi vioo vimefungwa. Wanamjua faru kuliko wanavyomjua Salima.

Kwa hiyo tunakutegemea. Najua hukutaka kwenda. Kwa kura alishinda Metui, ila pasi ya kusafiria ulikuwa nayo wewe peke yako, na uliitafuta kwa sababu unapenda nyaraka. Mungu ana njia zake.

Maswali ya wanachama ni haya. Obedi anauliza: bajaji ina dereva mmoja, je, anayewaeleza wageni anakaa wapi? Metui anauliza: mgeni akibanwa na haja inakuwaje? Leonce anauliza kama wana sare.

Kula vizuri.

Mama Selestina


UMOJA WA MADEREVA WA BAJAJI KARATU MJINI
Kumb. Na. UMBK/SAFARI/02
Colombo
7 Februari 2025

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: TAARIFA YA MAFUNZO NA MAJIBU YA HOJA ZA WANACHAMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mafunzo yanaendelea vizuri. Mji wa Colombo una nyumba nyingi za ibada, bustani, na soko kubwa liitwalo Pettah. Ziara huanza asubuhi na kumalizika mchana. Wageni huburudishwa kwa madafu ya rangi ya machungwa, ambayo ni matamu na hutuliza tumbo.

Kuhusu hoja ya Ndugu Obedi: muongozaji hukaa kwenye kiti kidogo kilichofungwa nyuma ya dereva, akiwatazama wageni, mgongo wake ukiwa kwa dereva. Kwa namna hii wageni humsikia na kumwona vizuri.

Muongozaji hutaja mwaka wa kujengwa kwa kila jengo linalopitwa.

Kuhusu hoja ya Ndugu Metui: vyoo hupangwa mapema. Kuhusu hoja ya Ndugu Leonce: sare zipo, rangi ni nadhifu.

Naambatanisha muhuri kama uthibitisho.

Wako mtiifu,
Clemensi Tluway
Karani

(MUHURI)


Karatu, kijiweni
10 Februari 2025

Kwako karani wetu Clemensi,

Salamu nyingi kutoka kwangu Obedi. Mimi kuandika si kazi yangu, unajua mkono wangu ni wa jembe la mashamba ya kahawa kabla haujawa wa bajaji, lakini leo nimeomba karatasi kwa Salima mwenyewe kwa sababu nina furaha.

Kiti nimekitengeneza! Tulipoiona ile barua ina muhuri, Leonce alitaka kubisha, akasema mtu atakaaje kinyumenyume kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Nikamwambia barua yenye muhuri haijadiliwi. Ijumaa ileile nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea, amenifungia chuma na ubao na sponji juu. Kinapendeza. Jumamosi tumekijaribu. Metui aliendesha, mimi nikakaa kitini kama muongozaji, na mgeni wetu alikuwa mama mkwe wangu, ambaye amekuja kutoka Singida kumwona mjukuu.

Clemensi, ndugu yangu. Wewe ni msomi lakini bado hujaoa, kwa hiyo nikueleze. Mimi mama mkwe wangu sijamtazama usoni miaka sita. Akiingia sebuleni natoka. Nikimsalimia naangalia mlango. Sasa nimekaa, magoti yangu yanagusana na magoti yake, uso kwa uso, kutoka kijiweni hadi Qurus, na Metui hasimami! Nikawa nataja miaka kama ulivyosema. Benki, mwaka fulani. Kanisa, mwaka fulani. Sikujua nitazame wapi. Kwenye lile shimo la karibu na matanuri ya matofali nikaruka nikaangukia mapajani mwake. Metui akaniuliza kwa sauti, "Obedi, na hapo pamejengwa mwaka gani?"

Nikajua ndoa yangu imekwisha. Lakini mama wa watu alicheka! Alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. Akasema, "Baba, kumbe una macho mazuri, mbona ulikuwa unayaficha?" Jioni tumekula pamoja meza moja. Mke wangu amelia kwa furaha. Haya yote ni kwa sababu ya barua yako.

Ila kilima cha Qurus kinyumenyume kinatia kichefuchefu. Nadhani nitazoea. Hao wa Colombo wanafanyaje? Utuandikie.

Habari nyingine ni kwamba hoteli imepiga simu, wageni wamesogezwa. Wanakuja Jumamosi hii ya tarehe 15. Hatukungojei tena. Leonce na Metui wanakwenda kwa fundi Jumatano asubuhi kuchomelea viti vyao, fundi atalazimika kukata chuma cha katikati kwenye bajaji zao kwa sababu ni za muundo mwingine. Mwenyekiti yuko Daa kwenye harusi, anarudi kesho.

Ubarikiwe sana.

Obedi


Colombo
11 Februari 2025, asubuhi

Shikamoo Mama,

Barua hii haina namba wala muhuri. Naomba uisome peke yako kwanza.

Kiti cha kutazama nyuma hakipo. Sijawahi kukiona. Nilikitunga.

Siku ile ya Jumatatu nilipanda bajaji ya Bi. Dilrukshi nikakaa dakika saba. Niliziangalia kwenye saa. Basi moja lilipita karibu kiasi kwamba ningeweza kumpa abiria mkono. Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara wenye njia tano nikasema, "Tafadhali, nishushe." Akanishusha. Nikarudi kwa miguu hadi nyumba ya wageni, na yeye akawa ananifuata nyuma taratibu, taa zikiwakawaka kama msafara wa mazishi, kwa sababu aliogopa ningepotea.

Tangu hapo sijatoka. Kila siku saa tatu anakuja, anapiga honi mara mbili. Mimi namtumia ujumbe kwamba tumbo linasumbua. Naye, kwa sababu ni mtu mwema, ananiachia dafu getini la kutuliza tumbo. Sasa yapo manane chini ya kitanda, siku nyingine huleta mawili. Moja ndilo nililonywa. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya taarifa yangu iliyo kweli.

Yaliyobaki nimeyatoa kwenye kijitabu cha wageni kilichopo mezani. Na kijitabu hakikusema muongozaji anakaa wapi. Nilifikiri usiku na mchana jinsi ya kulijibu swali la Obedi, nikaona jibu la kisomi ni kwamba anayezungumza awatazame anaozungumza nao. Nikaandika. Nikaona barua inatia mashaka, nikaipiga muhuri.

Mama, sikujua kama mtu angechomelea. Obedi ameniandikia kunishukuru. Nimeisoma barua yake mara sita. Kesho Leonce na Metui wanakatwa chuma. Tafadhali wazuie. Nipo tayari kwa adhabu yoyote, hata kuacha kazi. Siogopi kazi ya ofisi, unajua mafaili yako yote yamepangwa. Naogopa kelele, naogopa watu wasionijua, na naogopa kuulizwa kitu nisichokijua mbele ya watu. Mlimtuma mtu asiyefaa.

Nisamehe.

Clemensi


Karatu
11 Februari 2025

Clemensi,

Nimerudi kutoka Daa mchana huu, miguu imevimba kwa kucheza, nikaikuta barua yako.

Nilijua. Tangu ile ya kwanza nilijua. Umeandika karatasi mbili kuhusu bajaji na hukusema hata mahali pamoja kwamba mgongo unauma. Mtu aliyepanda bajaji kutwa, hata awe padri, lazima autaje mgongo. Nikasema moyoni, huyu kajifungia, lakini ni mtoto mwenye akili, atatoka akichoka. Kosa langu ni kwamba nilikwenda kucheza harusi wakati Obedi anachomelea.

Sasa nikuambie jambo ambalo hapa kijiweni halijui mtu. Siku yangu ya kwanza kuendesha, nilikuwa mwanamke peke yangu na wote wananiangalia. Nikapata abiria, mama mmoja na kikapu, anakwenda sokoni. Ili kufika sokoni ilinibidi nikate kulia mbele ya malori. Sikuweza. Nikaendelea moja kwa moja. Nikamfikisha hospitali. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani nimekuambia naumwa?" Nikamwambia, "Mama, shuka, nauli sitaki." Nikakaa palepale kivulini mpaka mchana, halafu nikarudi kijiweni kwa sababu njia ya kurudi haikuwa na kona ya kulia. Wiki nzima niliwapeleka watu kushoto tu.

Basi. Adhabu yako itaamuliwa na wanachama, si mimi. Kesho saa mbili asubuhi, kabla Leonce na Metui hawajaenda kwa fundi, nitaisoma barua yako kijiweni kwa sauti, yote. Siwezi kuwazuia bila kuwaambia sababu. Ukiona huwezi kuvumilia hilo, nitumie neno kabla ya saa mbili nami nitatafuta njia nyingine. Ukinyamaza nitasoma.

Na wewe kesho honi ikilia mara mbili, shuka. Mwambie huyo mama ukweli. Kaa humo kutwa. Usituandikie mji, vitabu vya mji vipo. Tuandikie dereva. Anafanya nini kwa mikono yake, anasimama wapi, anasema nini mgeni akikasirika. Tunazo siku tatu. Wageni sita wanakuja, na hatuna tunachokijua isipokuwa miaka ya benki.

Mama Selestina


Colombo
13 Februari 2025

Wanachama wote wa Umoja,

Sikutuma neno kabla ya saa mbili. Kwa hiyo mmeshasikia. Ndugu Obedi, nakuomba radhi wewe kwanza, halafu wengine wote.

Sasa nawaandikia ya kweli. Mgongo unaniuma.

Jana honi ilipolia nilishuka na madafu yote ya chini ya kitanda kwenye mfuko. Nikamwambia Bi. Dilrukshi kila kitu, hadi kiti na mama mkwe. Akazima injini, akaweka kichwa juu ya usukani, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Kila akinyanyua kichwa anasema, "Mama mkwe!" anainama tena. Alipomaliza akaniambia, "Malli, panda." Malli kwao ni mdogo wangu wa kiume. Mimi namwita Akka, yaani dada mkubwa, na ndivyo nitakavyomwita humu.

Tuliwachukua wageni wawili, mabibi kutoka Uholanzi, ndugu wa tumbo moja, wanaogombana tangu asubuhi. Mimi nikabanwa katikati. Kwenye ule mzunguko wa njia tano nilifumba macho. Bibi wa kushoto akanishika mkono akaniambia, "Mimi pia." Tukapita wote watatu tumefumba macho, Akka peke yake ndiye aliyekuwa anaona, na nadhani ilitosha.

Sasa mambo ya kazi. Nayaandika kama nilivyoyaona.

Akka haongei akiendesha. Hata neno. Anaendesha, anasimama, anazima injini, anageuka kwenye kiti chake, ndipo anaongea. Kwa hiyo dereva na muongozaji ni mtu mmoja, na swali la Obedi lilikuwa na jibu rahisi namna hii. Akisimama anashuka yeye kwanza, anasimama upande wa magari, mgeni anashukia kwenye kivuli cha mwili wake. Anasimama mara tatu tu kwa asubuhi nzima. Ana kioo kidogo mbele, nilidhani cha kuangalia barabara. Anaangalia nyuso za wageni. Wakikunja uso anapunguza mwendo. Choo anakijua kabla ya kituo cha kwanza. Ni kwa rafiki yake mwenye duka la vitambaa, na anasema mgeni aliyetulia tumbo husamehe mengi.

Hataji mwaka. Nilimuuliza. Akasema, "Miaka ipo kwenye simu zao."

Soko la Pettah, ndugu zangu, nitajaribu. Kila mtaa una bidhaa yake. Mtaa mzima ni saa na miwani. Unakata kona, mtaa mzima ni utepe na kadi za harusi. Unakata tena, ni magome na mizizi ya dawa, na hewa yenyewe unaweza kuinywa. Kuna msikiti wa mistari myekundu na myeupe kama peremende. Wabeba mizigo wanapita na mikokoteni wakipiga kelele kama wetu siku ya mnada, maneno siyajui ila maana nimeielewa vizuri, ni "toka njiani." Nyuma ya kila bajaji kuna maneno yamepakwa rangi. Nilimwomba Akka anitafsirie matatu. La kwanza: Mama Ndiye Injini. La pili: Usinione Mdogo. La tatu alikataa kulitafsiri kwa kuwa mimi ni kijana wa heshima.

Jambo kubwa nililojifunza ni hili. Bibi mmoja aliuliza kitu kuhusu mlango fulani wa kuchonga. Akka akasema, "Sijui. Tumuulize." Akasema waziwazi, mbele ya wageni wanaolipa! Mimi jasho lilinitoka kwa niaba yake. Akamwita fundi viatu aliyekaa chini ya mlango. Fundi viatu akainuka, akaeleza kwa dakika kumi jinsi babu yake alivyofukuzwa kwenye mlango huo mara tatu akiomba kazi, na mara ya nne akaja na viatu vya mwenye nyumba alivyovishona usiku bila kuombwa. Wale mabibi waliokuwa wananuniana wakaanza kusukumana kwa viwiko wasikie vizuri. Nikaona kwamba Akka hatembezi wageni kwenye majengo. Anawatembeza kwa watu anaowajua, anawasalimia kwanza, anauliza mtoto amepona, deni limefikia wapi, na wageni wanangoja. Kumbe wageni wanapenda kungoja huko.

Halafu tukafika mtaa wa vitunguu.

Mnajua baba yangu analima vitunguu Mang'ola. Sikuwa nimepanga kufanya chochote. Nilishuka nikaona magunia yamefika hadi juu, nikachukua kitunguu kimoja chekundu, nikabonyeza shingo, nikanusa. Nikasema kwa sauti, kama ninavyosema nyumbani, "Hiki kimeng'olewa kabla ya siku zake." Kisha nikakumbuka niko wapi. Muuza jumla, mzee mwenye tumbo na kalamu sikioni, akamuuliza Akka nimesema nini. Nikarudia kwa Kiingereza. Akanitupia cha gunia jingine. Nikamwambia hiki kizuri, kimekauka shambani. Akatupa cha tatu. Nikamwambia hiki kimelowa njiani, kiuze leo. Akapiga kelele kuwaita wenzake! Wakaja na vitunguu vyao. Nikakaa juu ya gunia, watu kumi na zaidi wamenizunguka, mabibi wawili wananiuliza shingo inabonyezwaje, na mimi naeleza, naonyesha kwa kidole gumba, najibu maswali. Nilipoulizwa vinakaa muda gani kwenye baridi ya nchi yao, nikasikia mdomo wangu unasema, "Sijui. Tumuulize." Tukamuuliza mzee.

Akka alitazama saa yake. Nilikuwa nimeongea dakika ishirini na mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa Jumamosi, na nauandika bila muhuri ili mjadiliane: msikariri. Kila dereva achague watu watatu anaowajua njiani. Zima injini. Salimia kwanza. Usilolijua, muulize mwenyewe.

Tafadhali niandikieni ilikuwaje. Jumamosi sitakula mpaka nisikie.

Clemensi


Karatu
16 Februari 2025, Jumapili baada ya misa

Clemensi mwanangu,

Kula. Yamepita.

Nianze na Jumatano, maana najua ndiyo unayoiogopa. Nilisoma barua yako yote kijiweni. Nilipofika pale pa "nilikitunga," Obedi aliinuka. Akasema, "Kwa hiyo mimi nimepanda Qurus kinyumenyume kwa ajili ya mtu aliyelala?" Akachukua spana, akaanza kufungua kiti, nati moja, nati nyingine, anaongea peke yake kwa Kinyaturu. Alipokitoa akakibeba, akakiweka barazani kwa Salima. Akakikalia. Akasema, "Kama benchi si kibaya." Hapo Leonce akaanguka chini kwa kicheko, na Obedi akamtishia spana huku naye anacheka. Alhamisi walipoisoma ya vitunguu, aliomba isomwe mara mbili.

Jumamosi wageni sita walifika saa nne.

Leonce alikuwa wa kwanza kuharibu. Bajaji ilizima palepale kwenye matanuri ya matofali. Alitaka kufa. Akashuka, akasalimia wafyatua matofali kama ulivyosema, na wale vijana kwa utani wakasema hawasukumi gari la mtu bila kusaidiwa kazi. Wageni wake wawili wakavua viatu! Wameingia kwenye udongo mpaka magotini. Wamefyatua matofali ishirini na moja, kumi yamepinda. Yule mwanamke amechora jina lake kwenye moja na ameomba lisichomwe mpaka arudi.

Metui alipofika sokoni akaulizwa soko lina umri gani. Nilikuwa nyuma yake, nikasema moyoni, sasa ameshikwa. Akajibu, "Sijui, tumuulize." Akamwita Mama Eunike wa vitunguu. Eunike akasema, "Soko ni la juzi, mimi ndiye wa zamani," akawaeleza habari ya mimba zake zote saba, alijifungulia wapi na mnada wa mwezi gani. Metui anatafsiri huku ameinamisha kichwa, unajua watu wa kwao Piyaya na heshima zao. Wageni walicheka mpaka akaanza kucheka mwenyewe.

Na Obedi. Obedi alikwenda Qurus kwa Mzee Adrian, kwenye shamba lake la kahawa. Akazima injini. Akageuka. Na maneno yakamkatika yote. Akakaa anawatazama, wao wanamtazama. Mimi nikafika na kuwakuta hivyo. Nikasema tumekwisha. Kumbe mama mkwe alikuwa amejipakia kando ya wageni bila kualikwa. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Huyu ni mkwe wangu. Ana aibu, lakini anajua kahawa. Mpeni mkono." Wakampa mkono mmoja mmoja. Basi akapata sauti. Akawaonyesha jinsi alivyokuwa akichuma kwenye mashamba makubwa, vidole vinavyokwenda, kikapu kiunoni, na wimbo waliokuwa wanauimba kumsema msimamizi. Waliuimba naye wote.

Meneja wa hoteli amepiga simu jioni. Kila Jumamosi. Jumamosi ijayo ya tarehe 22 ni wageni wanane, bajaji nne.

Sasa adhabu. Kikao kimekaa jana hiyohiyo. Leonce alipendekeza ufukuzwe, halafu akasema anatania. Salima alisema mtu aliyejisema mwenyewe asipigwe sana. Obedi akasimama: "Mimi ndiye niliyeumia. Alete kreti mbili za soda. Na Jumamosi ijayo asikae ofisini. Apande na wageni, aongee." Tukapiga makofi. Imepita.

Unafika Alhamisi. Una haki ya kukata rufaa. Bajaji ya nne ni yangu, inakwenda nyuma kabisa, taratibu, na mimi kona za kulia nimeshazizoea. Ukitaka nitakuweka humo, hakuna atakayekuona sana. Nijibu.

Mama Selestina


Colombo
18 Februari 2025

Shikamoo Mama,

Nimepokea hukumu. Sikati rufaa.

Leo Akka amenipa wageni wake watatu asubuhi, yeye akaendesha tu. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu mwenye maswali kama polisi. Nilisema "sijui" mara tisa. Ya tano haikuniuma tena. Kwenye mtaa wa utepe niliwapoteza wote watatu, nikawakuta wamekaribishwa chai kwenye duka la kadi za harusi, na mwenye duka alikuwa ananiuliza kwa nini nimechelewa kuwafuata. Akka amesema hiyo nayo ni ziara.

Ameniomba nimsalimie Obedi, na zaidi mama mkwe. Anasema akija Karatu anataka kupanda na huyo mama, si na sisi.

Kreti mbili nitazilipa siku nitakayofika. Moja iwe ya tangawizi, Leonce hanywi nyingine.

Kuhusu Jumamosi, nashukuru kwa nafasi ya nyuma. Najua ni kwa kunihurumia. Lakini nimeshafikiri, na nimefikiri nikiwa ndani ya bajaji, kwenye ule mzunguko wa njia tano, macho yakiwa wazi karibu njia nzima. Naomba nipangiwe na Obedi, bajaji ya mbele. Tukipita matanuri, kabla ya lile shimo, aniambie.

Na wageni wakiuliza kwa nini muongozaji ameshika chuma kwa mikono miwili na hataki kukiachia, naomba wanachama wote mjibu kwa sauti moja kwamba ndivyo kazi hii inavyofanywa Karatu.

Mwanao,
Clemensi